Suti Isiyo na Mfuko

Mtaani kwetu hakuna aliyemnusa yule tapeli kabla yangu. Mimi ni mpiga pasi tu, lakini mwizi namtambua akiwa bado ng'ambo ya barabara.

Walimwita Mzee Faida. Alikusanya akiba za watu akiahidi kuzirudisha mara tatu. Kesi ilipomfika, maduka makubwa yakamkataa, akaja kibandani kwetu sokoni kushonewa suti ya mahakamani. Shingo yake ilitoka jasho zito lenye harufu ya manukato yaliyochacha. Fundi, binti wa gauni la njano, alimpima amebana pumzi, na kila kipimo akaipangusa tepu. Kiinua mgongo cha mama yake kilimezwa na shingo ile ile.

Nyuma alisimama dereva wa Mzee, shati jeupe, macho yote kwa Fundi. Jioni simu zake kwa Fundi zikaanza. Wiki ya pili alishaitwa laazizi. Ya tatu, Fundi akamwona akimfungulia bosi mlango, kichwa ameinamisha. Akampigia.

"Mikono inayomfungulia yule isinishike mimi."

"Laazizi, nina sababu."

"Kamwambie bosi wako." Akakata.

Suti ilichukuliwa asubuhi ya kesi, nasi tukaifuata mahakamani. Shahidi wa kwanza akaitwa: Dereva. Akataja nyumba zote alikopeleka mabegi ya pesa za bosi, na tarehe zake. Kumbe ndiyo maana hakuacha kazi. Mzee Faida akatafuta pa kuchomoa leso. Akapapasa kifuani, ubavuni, nyuma. Vifuniko vya mifuko vilikuwepo; mfuko wenyewe, Fundi hakushona hata mmoja. Jasho likamtiririkia mdomoni, akalilamba. 

Jioni Dereva akaja kibandani.

"Nipime suti ya harusi."

Fundi akaivuta tepu. Safari hii hakuipangusa.

"Mifuko mingapi?"

"Utakayoniaminia."

Dereva akamshika mkono, naye Fundi akauacha hapo hapo. Nami nikawapongeza, nikiwakumbusha kwamba yule tapeli nilimjua tangu mwanzo.

Mama yake Fundi akainuka kwenye kigoda, akachukua kitambaa changu cha kupigia pasi, akakikunjua. Kilikuwa fulana. Uso wa Mzee Faida ukatuchekea, kidevu kimeungua.

"Hizi walipewa waliomletea watu kumi," akasema. "Hebu nikumbushe, baba. Mimi nilikuwa wa ngapi?"