Daftari la Msomaji wa Njia

Jumamosi ile, kwenye gereji moja ya Bez Valley, walikuwapo watu watano: Gustave, mlinzi wa usiku, mkewe Marcelline, binti yao Héritière, wa miaka saba, Tumu, fundi cherehani kutoka Lamu aliyepanga chumba cha nyuma kwenye uwanja wao kule Troyeville, na mwenye gereji hiyo, Bibi Jeanne, mzungu mzee wa miwani minene, aliyekuwa anahama na kuuza vitu vya nyumbani.

Ilikuwa Februari 2016. Mlango wa gereji umeinuliwa, sahani na pasi na mapazia vimepangwa mezani. Nyuma kabisa kulikuwa na vitu vilivyomfanya Gustave asimame kama mtoto mbele ya keki: helmeti ya mbio za magari, glovu za ngozi, na picha ya gari jekundu lililoruka, magurudumu yote manne yako hewani.

"Vya marehemu mwanangu André, aliyefia mbioni," alisema Bibi Jeanne. Lakini kwanza alikuwa amewaletea viti, na juisi kwa mtoto. Marcelline aliliona hilo, akalipenda.

Gustave alipenda mbio hizo tangu Kolwezi, akizisikiliza redioni kwa mjomba wake. Hakuwahi kufikiri atashika helmeti ya kweli. Bibi alimtajia randi themanini, picha ikiwa ndani ya bei.

"Papa Héri, utaivalia wapi? Kwenye teksi?" Marcelline alimchokoza.

"Nyumbani. Ukianza kunigombeza naivaa, sisikii kitu."

Tumu alicheka, ila mikono yake aliifunga nyuma. Hakugusa kitu chochote pale.

Kisha Marcelline akafanya anachofanya mtu wa Katanga kila anaponunua, hata akinunua nyanya: akaomba matabishi, kile kidogo ambacho muuzaji huongeza bure ili muachane kwa moyo mweupe.

Bibi Jeanne alisogeza miwani yake. Alimtazama mtoto.

"Anajua kusoma?"

"Anasoma kila kitu, Gogo," Marcelline alijibu, akimwita bibi kwa lugha ya huku. "Hata karatasi ya sabuni!"

Bibi akafungua droo, akatoa daftari dogo lenye waya, akaliweka mkononi mwa Héritière na kumfumba vidole kimoja kimoja. "Basi ni lako. Usome kwa sauti."

Njia nzima Marcelline alimsifu mzee yule. Anahama, ana mawazo yake, na bado amemkumbuka mtoto.

Nyumbani Gustave alilifungua daftari. Lilijaa maneno mafupi na namba. "Kwenye gari wanakaa wawili," aliwaeleza. "Dereva haoni kilicho nyuma ya kona, kwa hiyo wa pembeni anamsomea njia. Tano ni kona pana. Moja ni kali kuliko zote. Namba kubwa ni mita hadi kona. Msomaji akikosea, wanakwenda wote wawili."

Jumatatu, saa tisa alasiri, Gustave alikuwa amelala kwa ajili ya zamu. Héritière alivuta viti viwili, akavipanga sambamba vikiutazama ukuta, akaketi kile cha kushoto.

"Mia moja. Kulia, tano. Hamsini. Kushoto, tatu, usikate kona."

"Unamsomea nani, mama?" Marcelline aliuliza kwa sauti ya chini, asimwamshe mumewe.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama watoto waliozaliwa huku. "Anayeendesha."

Chumba kilinuka mpira ulioungua. Marcelline akaenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa baridi.

Jumanne harufu ilirudi saa ileile, na petroli ndani yake. Gustave aliamka akiuliza ni nani amewasha gari uani. Uani hapakuwa na gari. Jumatano Marcelline alisimama mlangoni akaona mto wa kiti kile kitupu umebonyea, kama umekaliwa na mtu mzito. Misuko ya mwanawe ilikuwa imelala nyuma, kana kwamba upepo unampiga usoni, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Alimnyang'anya daftari, akatazama kurasa za mwisho. Zilibaki chache. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu, *Kushoto, moja*, kisha doa la kahawia, kisha hakuna kitu.

Alilitupa kwenye pipa la taka. Alhamisi asubuhi lori likaja, likazoa. Alhamisi saa tisa Héritière aliketi kitini, akafungua viganja vyake vitupu, akaendelea kusoma pale alipoachia.

Tumu, aliyejua mambo ya majini, aliitwa. Aliinusa nguo ya mtoto, akarudi nyuma hatua mbili.

"Si yule marehemu, Mama Héri. Hili ni jini lililokuwa palepale njiani. Damu imeliamsha, likachukua kiti chake na sauti yake. Linatafuta msomaji."

"Na helmeti?"

"Helmeti mmeinunua, ni yenu, haina neno. Lile daftari uliliomba wewe, Bibi akampa mtoto kwa mkono wake. Jini halitoki mpaka Bibi mwenyewe alipokee daftari na aseme ni langu. Mwokoeni kabla hajaufikia ukurasa wa mwisho."

Marcelline alikimbilia barabarani. Daftari lilikuwa juu ya ukuta wa uwanja, limewekewa jiwe lisipeperuke. Bila shaka mwokota taka mmoja alikuwa amelitoa pipani kabla ya lori, akidhani mtoto atalililia. Alimshukuru moyoni, mtu asiyemjua.

Ijumaa walifika Bez Valley saa saba. Nyumba ilikuwa tupu. Fundi rangi aliyekuwa ukutani aliacha kazi yake, akawachorea njia kwenye pakiti ya sigara: nyumba ya wazee, Kensington, juu mlimani. Walipotea mara mbili, na saa tisa iliwakuta bado barabarani, Gustave amembeba mtoto mgongoni, naye amefumba macho anasoma sikioni mwa baba yake, kulia nne, sitini, kushoto mbili, haraka kuliko mtoto yeyote anavyoweza kusema, na nyuma yao ngurumo ya injini inapanda mlima nao, inapunguza wanapopunguza, inangoja kwenye robot, taa za barabarani, wanapongoja, na kila Marcelline akigeuka barabara ni nyeupe kwa jua na haina kitu, mpaka wakaufikia mlango, wakapita ukumbini, wakaingia chumba cha mwisho, mtoto akavuta pumzi na kusema, "Kushoto—"

"Gogo, pokea!" Marcelline alipiga magoti. "Nakuomba. Ni mtoto wangu wa pekee."

Bibi Jeanne alikuwa kando ya dirisha. Mbele ya ukuta palikuwa na viti viwili, sambamba.

"Kila siku saa tisa ananiambia, Ma, nisomee," alisema taratibu. "Macho yangu yamekwisha. Niliposikia anasoma hata karatasi ya sabuni, nilifikiri… Ilinipasa niwaambie. Nisamehe, mwanangu."

Akanyoosha mkono, akalichukua daftari. "Ni langu," alisema.

Héritière alifumbua macho, akauliza kama wamefika nyumbani. Nguo yake ilinuka sabuni tu.

Marcelline hakuweza kuondoka hivihivi. "Gogo, twende na wewe. Tutafanya maombi."

"Aliponiita ile siku ya mbio, sikwenda," alisema Bibi Jeanne. Alitoa lenzi ya kusomea kwenye droo, akahamia kiti cha kushoto. "Nendeni. Mfungeni mtoto mkanda."

Wakiwa ukumbini walisikia injini ikinguruma polepole, kwa subira, na sauti ya kizee ikitafuta maneno, herufi kwa herufi.

Jumapili wauguzi walimkuta kitini, amekufa. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, na hakuwa ametoka chumbani wiki nzima.

Mwaka 2019 Héritière aliingia darasa la tano. Anapata alama nzuri. Hasomi kwa sauti.