Hodi ya Saa Saba Mchana

Msinibishie, mie nilikuwepo. Wiki ile nzima nilikuwa juu ya bati la akina Vaileth pale Tandale nikiziba matundu, na fundi wa bati mzuri kama mimi anaijua nyumba kuliko mwenye nyumba.

Vaileth alikuwa na mwaka wa tatu akimuuguza mama yake, Bibi Auleria, aliyepooza upande mmoja. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kufua mashuka, yote peke yake. Kaka yake Revelian, anayekaa Mbezi Beach, alikuwa mtu wa simu tu: "Mpe mama pole."

Jumatatu saa saba mchana, mikono ya Vaileth ikiwa chini ya mgongo wa mama, ikasikika hodi mlango wa uani. Mara moja tu.

"Karibu, pita," akajibu bila kugeuka. "Njoo unipokee, nimechoka."

Nikachungulia. Uani hapakuwa na mtu.

Sie wa pwani hodi ya kwanza hatuiitikii. Tunangoja ya tatu, na tunamwona mtu kwanza. Lakini wale ni watu wa Bukoba, nani aliwaambia?

Kesho yake Vaileth alirudi kutoka bombani akakuta shuka limebadilishwa. Jumatano, bakuli la uji limeoshwa na mama ameshiba. Chumba kinanukia udi, na wao hawachomi udi. Akalala mchana, kwa mara ya kwanza tangu mama aanguke.

Ijumaa Bibi Auleria alikifumbia mdomo kijiko cha Vaileth.

"Wewe nani?"

"Ni mie mama, Vaileth."

"Mwanangu mikono yake ya baridi."

Na hapo pazia likajivuta taratibu, kitanda kikabonyea upande wa ukutani kama mtu mzito ameketi, na mama akageuzwa ubavu, polepole, kwa ustadi, mto ukawekwa katikati ya magoti vilevile Vaileth alivyozoea kuuweka, huku Vaileth amesimama na kijiko hewani, hata kulia hawezi.

Akaitwa Bi Somoe, mganga wa Kilwa. Akanusa, akakataa kuvuka kizingiti.

"Ulimpa zamu," akanong'ona. "Aliyepewa zamu simfukuzi mimi. Aje mwenye zamu yake amlishe mama siku saba. Asipokuja, mama ndiye wake huyo."

"Kaka ana kazi nyingi, bibi."

"Huyu aliyeishika zamu yake hana."

Jumamosi Revelian akaja. Akakunja mikono ya shati, akamgeuza mama, akasema, "Zamu hii yangu." Bati likatetemeka chini yangu, mlango wa uani ukafunguka, udi ukatoka nje. Mama akasema, "Vaileth, nipe maji."

Yote haya nimeyaona mwenyewe. Nilichozua ni kimoja tu, ile Jumamosi ya kuja kwa Revelian. Alipiga simu tu.

Ukipita pale saa saba, Vaileth amelala mkekani, na mama, amenenepa, anacheka na mtu chumbani. Usibishe hodi. Atakayekukaribisha si Vaileth.