Gauni la Vifungo

Siku ya tatu wodini, mama alikunywa chai yote, akaomba kitana.

"Kumbe unataka kurembeka!" binti yake alicheka.

Mama alikuwa ameharisha na kutapika hadi akaishiwa nguvu. Dripu ilimrudishia maji mwilini. Sasa alikuwa na nafuu, na wageni walikuwa njiani kuja kumwona. Binti, ambaye ni mshonaji, akatoa gauni jipya alilomshonea.

Lakini mkono wa gauni ulikuwa mwembamba. Chupa ya dripu haikupita.

"Tumwite nesi," mama alisema.

"Nesi ana watu kibao, mama. Hii ni kazi ya dakika moja."

Akauchomoa mpira wa dripu pale ulipoungana na sindano ya mkononi. Ncha yake ikalala juu ya shuka. Akamvalisha mama haraka haraka, akaifuta ncha kwa upindo wa nguo yake, akairudisha.

"Umependeza, mama! Nani atasema unaumwa?"

Alasiri, mama alianza kutetemeka. Meno yaligongana. Mwili uliwaka moto.

Nesi alikuja mbio, akaisimamisha dripu. "Kuna mtu aliyegusa mpira huu?"

Binti alimtazama mama, machozi yakamlenga.

"Ni mimi, nesi. Niliuchomoa ili nimvalishe."

"Asante kwa kusema," nesi alijibu kwa upole. "Sasa tunajua pa kuanzia."

Daktari aliitwa. Mama alitolewa damu ya kupimwa. Chupa, mpira na sindano vilitupwa vyote. Akawekewa sindano mpya mkono wa pili, akaanzishiwa dawa ya kuua vijidudu.

"Lakini niliifuta ile ncha," binti alinong'ona.

"Kitambaa unakiona kisafi, dada, kumbe kina vijidudu," nesi alimweleza. "Na dripu inaingia kwenye damu moja kwa moja. Haibishi hodi. Kwa hiyo usiichomoe, usiifungue. Nguo ikikushinda, niite. Plasta ikilowa, mkono ukivimba au ukiuma, niite. Hata mara kumi."

"Hutachoka?"

"Nitachoka. Lakini nitakuja."

Siku mbili homa ilipanda na kushuka. Binti hakuondoka kando ya kitanda. Alifumua mkono wa lile gauni, kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono, akaushonea vifungo. Sasa ungeweza kufunguka wote, dripu ikiwa mahali pake.

Asubuhi ya tatu, mama alikuwa amepoa. Binti alinawa mikono kwa sabuni, kisha akaenda mlangoni.

"Nesi! Naomba uje, tunavaa!"

Nesi aliushika mkono wenye dripu, binti akafunga kifungo kimoja kimoja. Mpira haukuchomolewa.

"Loo, hili ndilo gauni!" alisema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Na langu liko wapi?"

"Subiri zamu yako," mama alimjibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe, kitana changu umekiweka wapi?"