Nilimchongea Kaka Yangu kwa Mzungu

Nina umri wa miaka arobaini na tisa, naishi peke yangu katika kambi ya wafanyakazi huko Saboti. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma kabla hamjasikia niliyoyatenda.

Mimi na kaka yangu Simiyu tulitoka kwetu Bumula, tukaajiriwa kwenye shamba la mahindi la Mzungu mmoja huko huko Saboti, karibu na Kitale. Nilipompenda Nekesa, msichana wa kwetu, sikupata ruhusa kazini ya kwenda kumposa. Nikamtuma kaka aniposee. Alirudi naye... akiwa mke wake yeye!

Nani angestahimili? Niliapa kulipiza kisasi.

Pale shambani kila mfanyakazi aliruhusiwa ng'ombe wachache tu. Wa kaka walizidi, na wale wa ziada aliwaficha msituni, kama tulivyofanya wengi wetu. Jambo hilo halikuwa likifikishwa kwa Mzungu kamwe, hata na watu waliochukiana. Mimi nililifikisha. Nilimwendea nyapara asubuhi kweupe, nikamwonyesha hata njia.

Ng'ombe wote walichukuliwa. Kaka akafukuzwa siku hiyo hiyo pamoja na Nekesa, mtoto wao mchanga, na mama yetu aliyekuwa akiishi kwao. Nilisimama kwenye mahindi nikiwatazama. Nilidhani ningefurahi... Mama alinipita kama asiyenijua.

Walirudi Bumula. Miaka ikapita, nami kwa aibu sikuwaendea. Ndipo nikapata habari kwamba mama amefariki. Nilitembea siku mbili nikimlilia, nikakuta amekwisha kuzikwa na ni siku ya kunyoana. Kwetu, wafiwa wa damu hunyolewa vichwa. Nilivua kofia, nikaketi kando ya Simiyu. Dada zetu walinyolewa, wajukuu wakanyolewa, Simiyu akanyolewa... Mnyoaji aliponifikia mimi, alisita, akamtazama kaka.

Kaka hakunitukana. Alisema kwa upole, "Huyu ni mgeni, ametoka mbali. Si mumpatie kiti na chai."

Afadhali angenipiga.

Ndugu msomaji, ukitendewa ubaya, lia, gomba, peleka shauri kwa wazee. Lakini kisasi usilipize, nakusihi. Mimi nilirudi Saboti nikajinyoa mwenyewe. Kisogoni mkono haukufika vizuri, na hapakuwa na mtu wa kunimalizia.