Mkate Wenye Alama ya Pengo

Umegeuza uso. Usikatae, nimekuona. Kila wanapotajwa Wauzbeki unauliza, "Hao ni wa wapi?" na kabla hujajibiwa umeshachota tonge jingine la pilau, chakula ambacho nao wanakipika kwenye masufuria makubwa tangu enzi za mababu zao. Wa mbali, wasema. Hawanihusu. Basi leo weka tonge chini. Mimi sikusomeshwa na mtu, ila nikisikia jambo halinitoki, na hili limenikaa kooni miaka mingi.

Zamani hizo, ngamia wa Bukhara, huko Asia ya Kati, walipokuwa wakishusha hariri na ngozi za kondoo katika masoko ya mbali, palikuwa na mji mdogo wa kuta za udongo ulioitwa Kumkala. Wenyeji wake walikuwa Wauzbeki, wajukuu wa wapanda farasi waliotoka nyika za kaskazini, wakaoana na wakulima na wafumaji wa mabondeni hata usijue nani alimkuta nani. Walijihesabu makabila tisini na mawili, na kila mmoja alipaswa kuyajua kwa moyo majina ya baba zake saba. Wageni wawili wakikutana, hutajiana. Wakigongana kwenye jina moja, ni ndugu, na kumwaga damu baina yao ni haramu. Tena lilikuwapo sharti: abishaye hodi ndiye huanza. Mwenye mlango husikiliza.

Lishike sharti hilo.

Akida wa ngome aliitwa Norbota, mtu wa miraba minne, upanga kiunoni juu ya joho la pamba lenye mistari. Yeye na mkewe, Oychechak, walijaliwa mwana mmoja tu, Eshmurod, naye alikuwa amekwenda Makka na msafara wa mahujaji. Asubuhi ya safari mama alimpa mkate wa duara, mwana akauuma mara moja, uliobaki ukatundikwa ukutani. Ndiyo desturi yao: mkate humngoja aliyeuuma, naye sharti arudi aumalize. Eshmurod alikuwa na pengo, jino la mbele lilivunjwa na teke la farasi, na pengo hilo likabaki kwenye mkate kama muhuri.

Mwaka huo amiri wa jirani aliutamani mfereji wa maji wa Kumkala. Akamtuma jemadari wake, Kilichbek, pamoja na wapanda farasi elfu mbili. Nao walikuwa Wauzbeki! Siku arobaini walipiga mizinga, kuta zikasimama. Siku ya arobaini na moja, jua la utosi, Kilichbek akaja peke yake chini ya lango, kofia ya chuma kwapani.

"Ewe Norbota! Nimechoka kupigana na mtu nisiyemjua babaye. Au nawe humjui?"

"Sogea nikuoneshe!"

"Nimeshasogea. Wewe ndiye umejikunyata huko juu kama kuku anayeatamia. Wanasema uliokotwa ndani ya gunia la pamba. Kama ni uongo, taja!"

Wapanda farasi wakaangua kicheko. Oychechak, aliyekuwa akiwapelekea walinzi maji, akamshika mumewe mkono.

"Baba Eshmurod, yeye ndiye aliyekuja. Mgeni huanza. Mwache ataje."

"Nitukanwe mbele ya watu wangu ninyamaze?"

"Tusi halitoboi ukuta."

"Nyamaza, mama Eshmurod!" Akajitokeza ukutani, akanguruma: "Mimi ni Norbota wa Boymurod, wa Tursun, wa Hakberdi, wa Ernazar, wa Janibek, wa Togai, wa Altin! Umesikia?"

Kilichbek alikuwa amesikia vizuri sana. Akainamisha kichwa. Alipokiinua, machozi yalikuwa yakimchuruzika, wallahi, machozi ya kweli. Akataja majina manne yasiyojulikana, kisha, polepole, kama mtu anayepapasa gizani: "Wa tano wangu Janibek. Wa sita Togai. Wa saba Altin. Ndugu yangu! Siku arobaini nilikuwa naipiga mizinga nyumba ya babu yangu!"

Walinzi wakalia. Norbota akalia. Lango likafunguliwa ili Kilichbek na watu thelathini waingie kumega mkate wa suluhu. Wale thelathini wakalishikilia lango, na elfu mbili wakaingia.

Mpaka leo nikilifikiria nabaki kinywa wazi. Hapakuwa na ngazi wala baruti! Mji uliangushwa kwa majina ya wafu wake; Norbota aliyatamka mwenyewe, Kilichbek akayaiba, mchana kweupe.

Norbota alipigana pale langoni hata upanga ukavunjika. Mkewe alipomfikia, alikuwa ameketi, mgongo ukutani, joho limelowa damu.

"Ulisema," akanena. "Mwanamke, ulisema." Akakata roho.

Oychechak akamfumba macho. Alikwenda nyumbani, akautungua mkate, akaufunga ndani ya mtandio. Watu sitini walitoroka kupitia tundu la mfereji chini ya ukuta. Wakauvuka mto Amu wameng'ang'ania viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyojazwa pumzi, yeye mkate kichwani. Kila walipofika walipunguka. Wengine walibaki Balkhi, wengine Kabul, wengine Bombay. Mwaka wa saba Oychechak alishuka Jeddah, akafika Makka, akamuulizia mwanawe, asiye tena na mji wa kurudia, katika nyumba za mahujaji wa Bukhara.

Akaja mwanamume mwenye kanzu na kilemba cha Kiarabu, ndevu zimefunika kinywa. "Mama! Ni mimi, Eshmurod!"

Mama hakumkumbatia. Alikwisha kuona ndugu wa kujitaja kwa mdomo tu. "Mgeni huanza," akasema.

"Eshmurod wa Norbota, wa Boymurod, wa Tursun, wa..." Akasita. Akakuna ndevu. "Wa..."

"Wa nani?"

"Nimesahau, mama. Huku hakuna aliyeniuliza."

Oychechak akaufungua mtandio. Mkate ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia. Akaushika ule upande ulioumwa, akaupeleka kinywani mwa yule mtu; meno yakaingia katika alama zake, pengo kwa pengo.

Oychechak akaketi chini. "Baba yako aliyataja yote, tukafa. Wewe huna la kutaja, na sisi hata hatujazikwa. Kilichbek gani amekufikia wewe huku?"

Mama akauchovya mkate katika chai. Kila kipande alikizuia mkononi, akamtajia jina, hadi mwana alirudie. Hakberdi. Ernazar. Janibek. Togai, wa saba wake. Mwana akamaliza mkate akilia.

Leo wajukuu wa watu kama hao wako Kunduz, Taif, Istanbul, New York. Muulize mmoja wa nne wake ni nani. Ataangalia viatu.

Na wewe unacheka? Taja wako saba. Nasubiri. Umefika wa tatu, umekwama, na bibi yako yupo hai, yuko chumba cha pili, anakohoa. Inuka. Usimalize sahani hiyo. Nenda ukamuulize sasa hivi, na kabla hajafungua kinywa, funga chako.