Darubini ya Mwalimu Burhani

Mwaka 2006, saa nne asubuhi, Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla mjini Guangzhou, China, ilikuwa imejaa hadi kwenye ngazi. Wachina walisukuma mizigo ya midoli, Wakongo walibishana kwenye simu, na katikati yao Sihaba wa Kikwajuni, Unguja, alivuta kigari chenye katoni mbili za penseli. Alivaa buibui jeusi lenye nakshi za zambarau mikononi, na chini yake raba za kiume, maana soko lile halina huruma na miguu. Kigari kikapanda juu ya kiatu cheupe cha mtu.

"Dada! Kiatu hiki kina siku mbili tu duniani."

"Basi kishapata akili. Kiondoe njiani."

"Mswahili wa wapi wewe, mwenye ulimi huu?"

"Wa kwetu. Na wewe uliyejipaka manukato ya harusi saa nne asubuhi?"

Mwenye manukato alikuwa Hafidh wa Ilala, Dar es Salaam. Alikuwa na miaka miwili Guangzhou, akikusanya mizigo ya wenzake na kujaza makontena. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Alikishika kigari bila kuombwa, na walipofika barabarani alishajua kwamba Sihaba ana duka la vifaa vya shule Darajani, kwamba atakaa wiki tatu, na kwamba hana mume. Hilo la mwisho hakuliuliza. Alilijua kwa namna Sihaba alivyolirukaruka.

Wiki ya pili Xiaobei nzima, mtaa wanakokaa Waafrika, ilikuwa na habari zao. Walionekana wakila tambi sahani moja. Hafidh alimwita "laoban wangu", yaani bosi, kama wauza duka wanavyomwita kila mwenye pochi.

"Laoban wangu, nataka nije kwenu na wazee."

"Kwetu kuna baba, basi. Yeye ndiye walii wangu. Akikataa, hata uje na msafara, utarudi nao."

Akamweleza habari za baba huyo, Mwalimu Burhani: kiharusi kilichompiga upande wa kulia, dawa, mazoezi, shingo isiyorudi nyuma, kiti cha magurudumu. Nyota hakuzitaja. Nyumbani kwao mapenzi ya mzee kwa nyota yalikuwa jambo la kawaida kama chumvi mezani, na nani humsimulia mgeni habari za chumvi?

Siku mbili baadaye akapiga simu kutoka soko la Liuhua, makelele ya wauza nguo yakimzidi sauti.

"Hafidh, nitafutie darubini ya baba."

"Ya namna gani, roho yangu?"

"Ya mtu anayeanza. Ya kuweka mezani, aangalie akiwa amekaa. Asilazimike kuinua shingo, na aweze kuizungusha kwa mkono mmoja. Unanisikia?"

"Mezani, amekaa, mkono mmoja. Kesho unayo!"

Darubini pekee aliyoijua Hafidh ilikuwa ile ya zahanati ya kwao, ambayo daktari huinamia kutafuta malaria kwenye damu. Nayo inakaa mezani, na shingo haiinuliwi. Mzee mgonjwa huyu, alifikiri, amechoka kupanga foleni, anataka kujipimia mwenyewe. Akanunua nzuri kuliko zote dukani. Na kwa kuwa jirani yake alikuwa anaruka kwenda Unguja kutoka uwanja wa Baiyun jioni ile, akampa aipeleke moja kwa moja, pamoja na barua ya posa: "Mwalimu, kwa hali yako, hii ndiyo itakayokufaa. Nipokee kama mwanao."

Jumatano ikaingia simu ya shangazi Swalha kutoka Unguja.

"Sihaba, huyo mwanamme wako mzima? Kamletea baba yako mashine ya kupimia choo!"

"Mashine gani, shangazi?"

"Ya hospitali! Na barua juu yake: kwa hali yako! Mtaa mzima ushaiona. Posa hiyo haipokelewi, mwambie."

Sihaba alimpigia Hafidh akiwa amesimama kwenye korido ya hoteli.

"Baba yangu anaangalia nyota, wewe unampelekea kipimo cha choo?"

"Nyota? Nyota zipi?"

"Kwa vile hawezi kuangalia juu, basi aangalie chini. Ndivyo ulivyoona?"

"Sihaba, hukuniambia habari za ny—"

Simu ikakatwa, kisha ikazimwa. Ndege ya Sihaba ya kurudi ilikuwa Ijumaa. Kabla ya chakula cha mchana habari ilishafika Xiaobei, imevimba njiani: wengine walisema Hafidh amempelekea mkwe jeneza.

Alhamisi Hafidh akamfuata Clément, mfanyabiashara wa kamera kutoka Lubumbashi. Clément alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mon cher! Umetumia beau-père, baba mukwe yako, kyombo ya kupimia maladi! Kuya, twende."

Mtaa wa kamera ulikuwa na maduka matatu tu ya darubini. Katika la kwanza Hafidh aliomba stuli, akakaa, akabandika kisogo ukutani kisibanduke, kisha akamwambia Clément amfunge mkono wa kulia kiunoni kwa mkanda.

Muuzaji akamletea darubini ya macho mawili. Kwa mkono mmoja ilikuwa nzito. Mabango ya ng'ambo ya barabara yalicheza ngoma. Akaletewa bomba nene, refu kama mtoto wa darasa la pili, ambalo tundu lake la kuchungulia liko juu kabisa, ubavuni. Bila kusimama hulifikii.

"Tai gui," ghali mno, alisema Clément kwa mazoea. Bei ilikuwa bado haijatajwa.

Ya tatu ilikuwa fupi kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, juu ya miguu mitatu ya kuweka mezani, na mwisho wake umepinda kwa kioo. Jicho linaangalia chini, bomba linaangalia juu. Hafidh akazungusha skrubu kwa mkono wa kushoto, taratibu, na tangi la maji la ghorofa ya kumi na mbili likamjia usoni na kutu yake yote.

Watu walishajaa mlangoni. Sihaba, aliyetoka kumtafutia baba yake darubini mwenyewe, akajipenyeza kuona kuna nini.

"Wamekukamata?"

"Nimejifunga mwenyewe. Nakaa anavyokaa Mwalimu."

Sihaba aliuangalia mkanda. Mkono uliofungwa ulikuwa wa kulia.

"Nimekusimulia ugonjwa wake siku nzima," akasema polepole. "Nyota sikuzitaja hata mara moja."

"Basi nitajie sasa."

"Miaka thelathini amewachorea watoto Zohali ubaoni, na ile pete yake hajaiona hata siku moja."

Akatoa simu, akampigia baba yake palepale, akaweka spika.

"Baba, Hafidh alikosea. Usimchukie."

"Nani kasema namchukia?" Maneno ya Mwalimu Burhani yalitoka moja moja tangu kiharusi, lakini yalitoka mazima.

"Shangazi."

"Swalha kaletewa yeye? Mimi hakuna aliyeniuliza. Tangu kije naangalia mguu wa sisimizi. Una nywele, Sihaba! Msije mkanichukulia. Huyo kijana yupo hapo?"

"Nipo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ulicholeta kinaitwa hadubini. Ya nyota ni darubini. Ha, na da. Ilala hamkusoma?"

"Nimesikia, Mwalimu." Hafidh aliisogelea simu. "Na ile barua?"

Hata muuzaji, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, aliacha kufunga katoni.

"Hiyo ya nyota usimpe msafiri. Ilete mwenyewe. Na mimi sitosimama kukupokea, usije ukatangaza kwamba mkweo ana kiburi."

Simu ikakatika. Sihaba alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Clément, ambaye Kiswahili cha Unguja kilimpita kidogo, aliwaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Sasa? Banakubali ao banakatala?"

"Wamekubali," alisema Sihaba, akainama kuufungua mkanda.