Nilinyamazia Kipimo cha Joto

Nina miaka thelathini na tisa, mke na watoto wawili, na nyumba ya kupanga hapa Noonkopir. Kanisani wananiita mtu mpole. Hawajui nilichomfanyia Nekesa.

Nilifanya kazi miaka sita mahali pa kuangua vifaranga, nje kidogo ya Kitengela. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja Mmaasai, Mama Naserian. Hakuwa na choyo hata kidogo. Alinionyesha kugeuza mayai na kuyamulika kwa tochi, kisha akaniambia siri ya mashine yetu kuukuu: kipimo chake cha joto kilidanganya. Kilionyesha digrii mbili chini ya joto lenyewe.

"Usifuate joto lililoandikwa kwa ile karatasi ya ukutani," aliniambia. "Weka chini kidogo, ama utapika mayai ya watu."

Wiki niliyoweza kuendesha mashine peke yangu, bosi alimfuta kazi. Wawili wa nini, alisema, kama mmoja anatosha? Nilimwona Mama Naserian akikunja shuka yake na kuondoka... Nikaapa sitamfundisha mtu.

Na sote pale tulikuwa hivyo. Mchanganyaji wa chakula cha kuku alijifungia mlango. Dereva hakumwambia mtu wateja wanakaa wapi. Tulicheka pamoja wakati wa chai, lakini kila mmoja alikuwa amekalia chake.

Kisha akaajiriwa Nekesa, mama wa mtoto mmoja kutoka Bungoma. Binti yangu Shiru alipolazwa hospitalini, Nekesa aliosha trei zangu pamoja na zake na hakunikumbusha hata siku moja. Aliponiuliza habari za mashine, nilimwonyesha ile karatasi. Nikamwambia afuate hiyo tu. Mimi nilikuwa nikifika mapema kila siku na kuweka joto mwenyewe.

Baba yangu akafariki. Nikaenda kijijini kwetu Entarara kumzika, mayai ya wateja wetu, akina mama wa Kimana, yakiwa yamebakisha wiki moja yaanguliwe.

Siku ya pili simu ililia mara mbili. Niliona jina la Nekesa, sikushika. Ukaja ujumbe: "Baba Shiru, pole na msiba. Kipimo iko chini ya ile karatasi inasema. Niongeze?"

Niliusoma wote. Neno moja tu lingetosha... Lakini nilimwona akilini Mama Naserian na shuka yake, nikajiuliza, nikirudi nitakuta kazi? Nikatia simu mfukoni, nikaendelea kupokea waombolezaji.

Niliporudi, karibu mayai yote yalikuwa yamekufa. Bosi alituita. Nekesa alisema aliongeza joto akifuata karatasi. Bosi akanigeukia.

"Si wewe ndio unajua hii mashine? Iko na shida?"

"Iko sawa," nikasema.

Alifutwa siku hiyo hiyo. Hakutaja ule ujumbe. Nadhani aliamini msiba ulinizuia kuuona.

Miezi michache baadaye bosi alinunua mashine mpya inayojirekebisha joto yenyewe. Siri yangu ilikuwa na faida gani tena? Mwezi haukuisha nami nikaachishwa kazi.

Juzi nilimkuta Nekesa sokoni akiuza sukuma wiki. Akanipa tena pole za baba. Akasema aliitiwa kazi ya kuangua vifaranga kule Kajiado, akaikataa.

"Mimi niko na mkono mbaya, Baba Shiru," alisema. "Niliua vifaranga vya watu."

Nilisimama pale na fungu la sukuma mkononi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kawaida, nikaenda zangu. Nina aibu kuliandika hilo kuliko yote.

Msomaji, kama kazini kwenu kila mtu anaficha anachojua, naielewa hofu yako. Niliishi nayo. Lakini mwambie mwenzako, hata kama bosi wako ni kama wangu. Kazi niliipoteza vilevile, na huyu mama anabeba kosa langu.

Nekesa, mkono wako hauna ubaya wowote. Ule ujumbe niliusoma.